Waliojitokeza ni asilimia ngapi hasa?

SWALI: Uchaguzi ni uleule, lakini gazeti moja linasema waliopiga kura ni asilimia 75, jingine 60. Nani kakosea?

JIBU: Huenda hakuna. Tazama wamegawanya kwa idadi ipi. Watu wazima wakiwa milioni 10, walioandikishwa milioni 8 na waliopiga kura milioni 6, ukigawanya kwa idadi iliyo kwenye daftari la wapiga kura unapata 75. Kwa watu wazima wote, 60. Daftari nalo lina kasoro zake: majina ya marehemu yasipofutwa, asilimia hushuka hata kama foleni zilikuwa ndefu. Kulinganisha nchi na nchi, tungependelea hesabu ya watu wazima, japo nayo huingiza wageni wasio na haki ya kupiga kura. Uliza pia kama kura zilizoharibika zimo.