Fonti ya Type 1 kuwa bitmapu

Mkuu wa Ujiji unayetaka fonti ya Times ya Type 1 (herufi zilizohifadhiwa kama michoro ya mistari) iwe bitmapu (picha ya nukta nukta) kwa ajili ya ile printa ya zamani ya steshenari, tumia programu ya gsftopk, inakuja na TeX Live (mkusanyiko wa programu za TeX za kupanga maandishi) ila programu ya Ghostscript lazima iwepo maana ndo inayochora herufi zenyewe. Fungua terminali andika gsftopk ptmr8r 600 (ptmr8r ndo jina la Times kwenye TeX), utapata faili ptmr8r.600pk hapohapo. Hiyo 600 ni nukta kwa inchi, we angalia kwanza printa yako isije ikawa ya 300, bitmapu ukiikuza baadae inatoa ngazi ngazi tu. Fonti za TrueType, aina nyingine ya fonti, tumia ttf2pk, sio hii. Ila kama printa inasoma PostScript (lugha ya kuelezea kurasa kwa printa) mi naona usijisumbue, dvips, programu inayogeuza faili za TeX kuwa PostScript, inaziingiza fonti za Type 1 yenyewe.