Ridhaa ni ya mabondia tu? Swali kuhusu "majarida ya ridhaa"

Msomaji wetu mmoja anaandaa makala kuhusu vijana wa Marekani wa miaka ya 1930 waliopenda hadithi za kisayansi mpaka wakaanza kutengeneza majarida yao wenyewe nyumbani. Kaandika "majarida ya ridhaa", mhariri wake kakata na kuweka "majarida ya watu wasio wataalamu", eti ridhaa ni ya ngumi, na nje ya ulingo maana yake ni kukubali tu, kama ridhaa ya mzazi. Anauliza nani yuko sahihi, halafu kaongeza maswali mengine mawili matatu: hao vijana walikuwa wanachapa au wanachapisha, ni mashabiki au wapenzi, na hicho wazungu wanachokiita fanzine sisi tukiiteje.

Mi nipo upande wako ndugu yangu, sio wa mhariri. Tuangalie hizo ngumi zenyewe anazozisema. Kuna ngumi za ridhaa na kuna ngumi za kulipwa, sasa hapo kinyume cha ridhaa ni nini? Ni malipo, sio utaalamu. Bondia wa ridhaa anaweza kuwa fundi kweli kweli, akaiwakilisha nchi huko nje akarudi na medali, na bado ni wa ridhaa kwa sababu anapanda ulingoni bila mkataba wa kulipwa. Na hiyo maana ya kukubali haipingani na hii hata kidogo, yaani mtu karidhia mwenyewe, hajaajiriwa wala hajalazimishwa, kafanya kwa radhi yake. Watangazaji wa michezo walipolichukua neno hawakukosea kitu, na sioni kwa nini tuwaachie wao peke yao.

Ukiandika "wasio wataalamu" unakuwa umetoa hukumu ambayo historia yenyewe inaikataa. Chukua The Comet, lile jarida ambalo kwa kawaida ndo huhesabiwa la kwanza la aina hii, lilitoka Mei 1930 na mmoja wa wahariri wake alikuwa Raymond Palmer, kijana tu, miaka minane baadaye huyohuyo Palmer akakabidhiwa uhariri wa Amazing Stories, jarida la kulipwa lililouzwa madukani. Au The Time Traveller la 1932, walikuwemo Mort Weisinger na Julius Schwartz, na haikupita muda 1934 wakafungua wakala wa kuuza kazi za waandishi kwa majarida ya kulipwa, baadaye wote wawili wakawa wahariri wakubwa wa katuni. Kule Cleveland Jerry Siegel alikuwa anatoa jarida lake akiwa bado anasoma sekondari, na katika toleo la Januari 1933 akaweka hadithi ya mtu mwenye nguvu za ajabu, ila huyo alikuwa mbaya sio mwema, michoro kachora rafiki yake Joe Shuster, na hao wawili ndo walikuja kumtoa Superman tunayemjua mwaka 1938. Sasa utawaitaje hawa wasio wataalamu? Mkono ulikuwa uleule, kilichobadilika ni kwamba baadaye walilipwa, na kipindi hicho majarida makubwa yalilipa kwa kuhesabu maneno ya hadithi.

Kuna wanaopendekeza maneno mengine, tuyapitie haraka. Chipukizi ni anayeinukia, ina umri ndani yake, na wapo watu waliotoa majarida haya mpaka uzeeni, kwa hiyo haifai kwa wote. Mwanagenzi ni anayejifunza kazi. Limbukeni usiliguse kabisa, hilo ni tusi. "Ya kujitolea" nayo mi naikwepa kwa sababu anayejitolea anamsaidia mtu au jamii, hawa jamaa walikuwa wanajifurahisha bwana, wanatukanana kwa barua, wanasifiana, wanachora maroketi. Mhariri wako ana hoja moja tu ya kweli, kwamba msomaji atashtuka kidogo akikutana na ridhaa pasipo na glovu, sasa dawa yake ni kulifungua mara ya kwanza: "majarida ya ridhaa, yaani yaliyotolewa kwa mapenzi tu bila mtu kulipwa", baada ya hapo unaliacha liende lenyewe.

Shabiki au mpenzi? Hapa nitakuchanganya maana yote mawili yanafaa, ila kwa nyakati tofauti. Hugo Gernsback alianzisha Amazing Stories New York, Aprili 1926, baadaye akaweka kurasa za barua za wasomaji na akawa anatoa na anwani zao kamili, basi wasomaji wakaanza kuandikiana moja kwa moja bila kupitia kwake, kama sisi na marafiki wa kalamu enzi za masanduku ya posta, na humo ndimo vilimozaliwa vilabu. Hao wa mwanzo waite wapenzi wa hadithi za kisayansi, inatosha, ni kama redio inavyosema wapenzi wasikilizaji. Shabiki ana moto zaidi, ana upande, ndo maana tukisema ushabiki wa kisiasa hatusifii. Na hawa nao walifikia huko! Julai 1939 ulifanyika New York mkutano wao wa kwanza wa dunia, watu kama 200 hivi, na waandaaji wakawazuia mlangoni vijana sita wa kundi hasimu, akiwemo Donald Wollheim na Frederik Pohl, kisa ugomvi wa makundi uliokuwa umechemka kwa miaka ndani ya majarida hayohayo. Hapo ukiandika mashabiki hakuna atakayekukata, tena hata ukiandika wanazi, yaani mashabiki wa kufa na kupona, mi nitakutetea.

Sasa kuchapa na kuchapisha, hapa watu wanachanganya sana hata magazetini. Mchapaji ni anayeshika mashine, mchapishaji ndo mwenye jukumu la kuitoa kazi kwa umma, na kwa kawaida ni watu wawili tofauti. Kijana wa 1935 alikuwa vyote: kaandika, kahariri, kapiga taipu, kakunja, kabana pini, kabandika stempu. Kwa hiyo mchapishaji ni sawa kabisa, usiogope kwamba hana ofisi. Ila kwa ile kazi ya mikono yenyewe kuna kitenzi kizuri zaidi ambacho naona umekisahau, kurudufu. Aliyesoma enzi za mitihani ya stensili anaijua hii, karatasi yenye nta inapigwa taipu bila utepe ili herufi zitoboe, halafu inavikwa kwenye mashine, wino unapenya kwenye matundu, unazungusha mkono nakala zinatoka. Vijana wengi wa Marekani ndo walitumia hii, na waliokosa hata hela ya mashine walitumia sinia la jelatini, unaandika kwa wino maalum, mara nyingi wa zambarau, unaikandamiza karatasi juu ya jelatini inyonye wino, halafu unabandika karatasi moja moja, na ukishapata nakala 50 hivi maandishi yameshafifia. Hiyo nayo ni kurudufu. (Utasikia pia kudurufu, silabi zimepishana tu, chagua moja usizichanganye kwenye makala moja.)

Na hapo hapo angalia toleo na nakala, maana kwenye rasimu uliyonitumia umeandika Ray Bradbury, kijana aliyekuja kuwa mwandishi maarufu, alitoa "nakala nne" za jarida lake Futuria Fantasia. Nakala nne zingemtosha mama yake na majirani. Alitoa matoleo manne kati ya 1939 na 1940, na kila toleo lilikuwa na nakala zake.

Mwisho hiyo fanzine. Neno lenyewe ni la Oktoba 1940, alilitunga Louis Russell Chauvenet kwenye jarida lake Detours, kaunganisha fan, yaani shabiki, na mwisho wa magazine, yaani jarida. Ukitaka kulikopa andika fanzini, ngeli ya i-zi, fanzini hii fanzini hizi, halina shida. Shida ni pale wenzetu wa Kiingereza wanapolifupisha wakabaki na ile silabi ya mwisho tu, zine, hapo usiwafuate, maana kwetu zini ni kitenzi na unajua kinamaanisha nini, utaandika "vijana wa zini wa New York" msikiti mzima ukushangae. Magazini nayo imeshachukuliwa na bunduki, ingawa inachekesha kwamba asili yake ni Kiarabu, shina lilelile lililotupa hazina, neno la ghala limezunguka Ulaya likarudi limebeba risasi. Mi ningetumia kijarida cha mashabiki. Hiyo ki- haidharau hapa, inataja udogo wa kitu chenyewe, kurasa chache zimebanwa pini, na wala usiandike kijijarida, ile j ni ya shina, na shina lina silabi za kutosha halihitaji -ji- ya kulisindikiza kama ilivyo kwa kijito.

Hadithi za kisayansi umeandika vizuri, iache hivyohivyo.