Veena haipotezi asili, mradi gamaka ibaki
Ndugu, umeuliza kama veena, ala ya nyuzi ya India, ikipigwa pamoja na ala za Magharibi inapoteza Uhindi wake. Mimi nasema hapana. Mtazame mpiga veena wa Kusini mwa India, mkono wa kushoto: anauvuta uzi kando juu ya kipande kimoja cha shaba kwenye shingo ya ala (viko 24, vimeshikwa kwa nta), sauti inapanda, inatetemeka, inarudi. Hiyo ndiyo gamaka, roho ya raga, yaani mfumo wa sauti unaoongoza wimbo wa Kihindi. Piano haiwezi hilo, na ikijaza kila nafasi inaifunika kabisa.

Msikilize Mhindi Vishwa Mohan Bhatt na mpiga gitaa Mmarekani Ry Cooder, waliopata tuzo ya muziki ya Grammy mwaka 1994. Mohan veena, ala ya Bhatt, ni gitaa lililoongezwa nyuzi, sawa, lakini sikia wanavyopishana: mmoja anapiga, mwenzake anamwachia nafasi.