Kupima mtetemo wa Parkinson kwa video ya simu
Ukiuliza kama mtetemo wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoathiri mwendo wa mwili, unaweza kupimwa kwa video, ndio inawezekana, na simu ya kawaida inatosha. Mkono ukiwa umetulia, mtetemo wa Parkinson huwa kama mara 4 hadi 6 kwa sekunde na kamera inachukua picha 30 kwa sekunde, kwa hivyo haiwezi kuukosa. Programu kama MediaPipe inaweka alama 21 kwa picha ya mkono, mgonjwa akigonganisha kidole gumba na cha shahada inaona vile mwanya unazidi kuwa mdogo na kasi inashuka, kitu jicho hukosa. Mimi ni fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) hapa Kisumu, ile kukakamaa kwa misuli video haiwezi kupima, lazima mtu ashike mkono aukunje mwenyewe. Na simu weka kwa stendi, ukiishika nayo itatetemeka.