Kabla hujamwahidi mnunuzi kilo za spirulina, pima bwawa lako jioni na alfajiri

Juzi mdogo wangu mmoja wa Tabora, anayeanza kufuga spirulina, ule mwani mdogo wa kijani unaokaushwa na kuliwa, kanitumia meseji, "Shikamoo dada, nimejenga bwawa la mita za mraba 20, nimesoma kila mita inatoa gramu 20 kavu kwa siku, kwahiyo ni kilo 12 kwa mwezi, nimwambie mnunuzi hivyo?" Usimwambie!

Hesabu hiyohiyo alikuja nayo mtaalamu mmoja kwenye kikundi chetu huku Ujiji, kaipanga kwenye eksel watu wanapiga makofi, mimi nikanyoosha mkono nikasema jamani hapa tusitegemee hata nusu. Nikaambiwa nina roho ya kukatisha watu tamaa, na wapo walionisalimia kwa shingo upande msimu mzima. Mavuno yalipokuja hayakufika nusu kweli, ila hakuna hata mmoja aliyerudi kusema dada ulituambia, na mpaka leo inaniuma. Kiangazi hiki mnunuzi wangu nilimtajia kiasi mapema na nimempa karibu kilekile nilichomtajia, namshukuru Mungu.

Sasa sikiliza. Huu mwani unapenda maji ya nyuzi 35 hadi 37, na maabara wanaupa hivyo saa zote, taa haizimwi. Bwawa la nje lina usiku, na usiku mwani hauli jua, unapumua tu na kula ulichojiwekea mchana. Halafu alfajiri maji bado ya baridi, jua linatoka kali ghafla, mwani unaumia badala ya kukua, ndo maana mimi asubuhi nafunika na neti ya kivuli mpaka maji yapate joto. Na usidanganyike kuchimba bwawa lenye kina kirefu, maji yakishakuwa ya kijani kizito mwanga unaishia sentimita chache za juu, huko chini ni giza, kwahiyo mavuno yanahesabiwa kwa eneo la juu la bwawa, sio kwa wingi wa lita.

Ninavyofanya mimi: jioni nakoroga bwawa vizuri, nachota lita 10, nachuja kwa kitambaa chepesi kilichofumwa karibu karibu, nakausha, napima kwenye mzani mdogo kama wa sonara. Alfajiri narudia, jioni narudia tena. Tuseme jioni ya kwanza ni gramu 5.5 na ya pili 5.9, umeongeza 0.4. Maji yakiwa na kina cha sentimita 20, mita moja ya mraba ina lita 200, kwahiyo ni gramu 8 kwa mita. Kwa mita 20 ni gramu 160 kwa siku, kilo 4.8 kwa mwezi. Umeona ilivyo mbali na 12? Na kipimo cha alfajiri kinakuonyesha usiku umekula kiasi gani. Usipime siku moja ukaridhika, chukua siku za jua na za mawingu upate wastani. Watu wavivu wa kupima ndo hao wanaolaumu mbegu, nawaambia ukweli, pimeni!

Na wewe wa Tabora upo juu kwenye mita kama 1,200, Juni na Julai usiku unashuka mpaka karibu nyuzi 15, usinakili namba zangu za huku ziwani. Funika bwawa na nailoni usiku, na mvua zikianza Novemba funika pia maana zinazimua chumvi tunazoweka bwawani kulisha mwani. Nitumie vipimo vyako vya jioni na alfajiri, tupige hesabu pamoja, mnunuzi asubiri.