Muulize Anti: Kabati halifungi na safari inakuja

SWALI: Shikamoo Anti. Kabati langu limejaa kanga, za harusi, za misiba, za kikoba, zingine doti nzima hata sijazikata, na Desemba tunaenda Paje, Zanzibar, na watoto, mume anataka tununue mabegi mapya ya bichi. Nianzie wapi?
Mama Wawili, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Mabegi mapya ya nini wakati kabati lenyewe linatapika? Mwaga zote kitandani, doti nzima mpelekee mzazi yeyote aliyejifungua hapo mtaani, zilizochakaa kidogo ndo mabegi yenyewe. Kunja kipande mara mbili, shona pembeni, pindo likate liwe mkanda, ila jina liache mbele lisomeke, langu limeandikwa Mgeni njoo mwenyeji apone na kila nikienda sokoni watu wanacheka. Mifuko ya plastiki bara imepigwa marufuku tangu 2019 na Zanzibar walitangulia, kwa hiyo mabegi hayo ya kanga utayahitaji tu. Paje maji yakikupwa yanaenda mbali mno, mtatembea hadi kwenye mashamba ya mwani, yakianza kujaa rudini upesi. Na makombe msibebe! Kaa wanaishi humo, halafu wewe ndo kwanza umemaliza kupunguza vitu jamani.