Hoki wakati wa likizo ndefu: wa miaka 8 na wa 14 wasifanye kitu kimoja

Dada uliyeuliza wanao wafanye nini hii Novemba na Desemba, kijana wa miaka 8 na dadake wa 14, ati kuna kempi ya wiki nne na hujui kama ulipe ama wakae tu nyumbani. Niko na watatu na wote wanacheza hoki, yaani mpira wa magongo si ile ya barafu (hiyo nitaigusa), mkubwa 16, wa kati 11, kitinda mimba 7. Mkubwa ndiye nilimfanyia makosa, hawa wengine wakaponea hapo.

Alikuwa na 14 kama wako. Unajua hoki ya sekondari inachezwa muhula wa kwanza, ikifika Aprili wengi wameshamaliza, sasa mimi nikaona akikaa atasahau, nikamlipia kempi, ikaisha nikalipa ingine, kisha kocha wa kumfundisha peke yake, siku sita kwa wiki. Agosti goti likaanza. Chini kidogo ya kifuniko cha goti pakatoka kinundu kigumu, ukikibonyeza anaruka, na sisi tunakaa floo ya nne, akipanda ngazi anajivuta na ukuta kama nyanya yake. Daktari aliuliza swali moja tu, huyu mtoto mara ya mwisho kupumzika mwezi mzima ilikuwa lini? Nikaangalia chini. Akanieleza umri huo mifupa inarefuka mbio kuliko misuli, na kila akikimbia na kuinama ile kano ya goti inavuta mfupa pale ilipojishikiza. Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma, kumbe hata madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto apate siku moja au mbili za kupumzika kila wiki, na kwa mwaka miezi 2 hadi 3 mbali na mchezo wake, si lazima ifuatane.

Kwa hivyo wa 14, wiki tatu nne za kwanza asishike stiki kabisa. Atalia, mwache. Aogelee, akimbie msitu wa Karura na marafiki bila kuhesabiwa dakika. Baadaye aongeze mazoezi ya nguvu ya mwili wake mwenyewe, kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, kusimama mguu mmoja, kwa sababu hoki inachezwa umeinama na mgongo huumia. Mpira arudie Desemba ikienda kuisha, mara mbili kwa wiki yatosha.

Wa 8 kempi ya nini? Hiyo pesa kaa nayo. Mtoto wa umri huo akicheza kati ya kukwepa mpira na bladda ya kuruka na watoto wa ploti anajifunza kukwepa, kugeuka haraka na kuangalia mpira unatoka wapi, vitu kocha atakutoza akivifundisha kwa koni. Ongeza kuogelea na viatu vya magurudumu kama mko na pahali salama pasipo na magari. Hiyo ya barafu wengi hawajui iko hapa Nairobi, kuna uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, Mombasa Road, na ndio wale Ice Lions, timu ya Kenya ya hoki ya barafu, hufanyia mazoezi, hao waliopelekwa Kanada 2018. Mpeleke siku moja aanguke acheke, lakini kila wiki utafilisika.

Nyumbani mpe tu stiki, mpira wa tenisi na ukuta. Dakika kumi, akichoka aache. Na kuna mbinu moja nimeona inafanya kazi kuliko video zote: chukua kipande cha paipu ya fundi wa maji, urefu wa kiganja, kiwe kipana kidogo kuliko mshiko, kivishe kwa stiki. Mkono wa kulia ushike paipu, wa kushoto ushike stiki yenyewe kule juu. Sasa akipeleka mpira kulia na kushoto, wa kushoto unageuza na wa kulia umetulia, stiki inazunguka ndani ya paipu. Watoto wengi hugeuza na mikono yote miwili ndio unaona viwiko vimepanda kama kuku. Wangu wa mwisho ni shoto, na hoki haina stiki ya mashoto, sheria hairuhusu, nikadhani ameisha. Kumbe mkono unaofanya kazi ya kugeuza ndio huo wake wa nguvu. Keateka alipiga kelele sana kuhusu alama za mpira kwa ukuta, tukaupaka rangi mara moja, yakaisha.

Huyu wangu wa 11 hukuuliza, nitasema haraka. Tunakusanya watoto kwa uwanja wa basketi wa kanisa, sita kwa sita, mabenchi tumeyalaza kando mpira usitoke, na sheria ni za hoki ya ndani: kusukuma tu, hakuna kupiga, na mpira hauinuliwi isipokuwa unashuti golini. Saruji ni tambarare kuliko nyasi za shule zenye mashimo, mpira unafika vile ulivyotumwa, sasa mtoto akikosa kuupokea hana wa kulaumu. Kukiwa na mechi City Park pale Parklands tunaenda kutazama, na ukikaa karibu na wazee wa pale jukwaani lazima usikie ya 1971 Barcelona, Kenya ikawa ya nne duniani. Ni kweli, hawajaongeza chumvi.

Stiki usinunue ndefu ati atakua nayo. Isimamishe kando yake, ifike kwa mfupa wa nyonga, basi. Ndefu inamsimamisha wima na hatawahi kuinama vizuri. Mtumba ni sawa, lakini gonga kichwa chake polepole kwa saruji, ikitoa sauti ya kupasuka irudishe. Kinga ya meno na shingadi za kukinga miguu nunua mpya. Mimi niko na stiki moja ya inchi 30 imelala hapa, wa kati ameipita na mdogo hajaifikia, kama kijana wako inamfaa niandikie inboksi, uje na paipu yako.